Jiwe langu la bahati limeozea kwenye droo ya fedha

Shikamoo Somo,

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri wangu miaka 36, nauza khanga na vitenge hapa Tanga mjini. Duka lenyewe ni fremu moja tu, lakini huu ni mwaka wa nane linatulisha. Nakuandikia usiku watu wamelala kwa sababu jambo hili sina wa kumwambia. Mama yangu nikimweleza atalia, mume wangu nikimweleza atafoka.

Mwaka jana, baada ya Idi el-Fitri, biashara ililegea. Wateja wanaingia, wanashikashika nguo, wanatoka. Wanaonunua wengi wanakopa. Jioni nikifungua droo naona fedha haifiki ile niliyodhani nimeuza. Majirani zangu wakaniambia hiyo ni chuma ulete, kuna mtu anakuvutia fedha. Kwa mganga sikutaka kwenda, nilishaapa siendi. Ndipo nikaona kwenye simu tangazo la dada mmoja anayeuza mawe. Alikuwa na jiwe la rangi ya dhahabu, vipande vya mraba vimeshikamana kama vilivyochongwa na fundi. Akaliita pairaiti, jiwe la utajiri. Akasema huu si uganga, ni nguvu ya asili, Ulaya na Marekani watu wanaliweka juu ya meza za ofisi. Nikaona hapo sina dhambi. Nikalipa shilingi 65,000, likaletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam likiwa limeviringishwa pamba.

Somo, lilikuwa zuri, sitasema uongo. Nilikuwa nikilishika asubuhi kabla sijafungua duka, zito, la baridi, na roho yangu ikitulia.

Maelekezo yalikuwa haya: kila Alhamisi usiku nilioshe kwa maji ya chumvi kutoa macho ya watu. Usiku wa mwezi mpevu nilianike nje mpaka alfajiri. Mchana likae ndani ya droo, juu ya fedha. Mara moja kwa wiki lilale ndani ya jagi la maji safi, na maji yale tunywe nyumbani ili baraka itufike wote. Mie nikaongeza vya kwetu, nikalifukiza udi na kulinyunyizia marashi. Maji nilimpa zaidi mwanangu mkubwa, wa darasa la tatu, kwa kuwa alikuwa mzito wa masomo. Kama nusu kikombe, mara saba au nane. Alilalamika tumbo, nikadhani ni maembe.

Mwezi wa tatu haukuisha, jiwe likaanza kutoa unga mweupe wenye ukijani kidogo, kama ukungu kwenye mkate. Likanuka kama kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Pembe moja ikamong'onyoka. Mbao ya droo ikawa nyeusi, na daftari langu la madeni, lililokuwa chini ya jiwe, likaliwa. Kurasa mbili zimekuwa kama majivu, ukizigusa zinavunjika, na majina ya watu yamekwenda nazo.

Nikampigia yule dada. Akaniambia jiwe limebeba husuda nyingi mpaka limekufa kwa kunikinga. Akasema husuda hiyo inatoka kwa mwanamke wa karibu anayeingia dukani mara kwa mara. Sasa nahitaji jiwe kubwa zaidi, shilingi 380,000. Nilipokata simu, jina lililonijia ni la wifi yangu. Yeye ndiye hukaa dukani nikienda kuchukua mzigo au nikiwa na mtoto hospitali. Nilimnyang'anya ufunguo bila kumwambia sababu, na huu mwezi wa pili hatusemezani. Mume wangu anauliza kuna nini, nanyamaza.

Nifanyeje, Somo? Jiwe limekufa kweli? Nilizike au nikalitupe baharini? Ninunue lile kubwa? Na je, nimemkosea Mungu?

Muuza Khanga, Tanga


Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama palepale, kwenye kikombe cha mtoto. Tuanze na hapo, mengine yatasubiri.

Maji hayo yasinywewe tena na mtu yeyote, hata funda moja. Kesho asubuhi mpeleke mwanao kituo cha afya au hospitali, umweleze daktari ukweli wote bila kuona haya: ni maji yaliyolazwa jiwe lenye chuma na salfa, alikunywa kiasi gani, mara ngapi, na lini mara ya mwisho. Jiwe litie ndani ya mfuko wa plastiki, ulifunge, uende nalo. Huenda wakampima wakamkuta mzima, na nakuombea iwe hivyo. Lakini pairaiti hutoka ardhini ikiwa imechanganyika na vitu vingine, na aseniki, ambayo ni sumu, huwa mojawapo. Aseniki haina rangi wala harufu ndani ya maji. Jiwe la namna hii halifai kulazwa kwenye maji ya kunywa, hata likiwa jipya linang'aa kama kioo. Na wewe mwenyewe uliyekunywa, pimwa.

Sasa jiwe lenyewe.

Halikufa, maana halikuwa hai, wala halikubeba husuda ya mtu. Limeota kutu. Pairaiti ni chuma na salfa vilivyoungana: kwa kila chembe moja ya chuma kuna mbili za salfa, na ukipima uzito, karibu nusu ya jiwe zima ni chuma. Wazee wetu salfa waliiita kibiriti upele, ile dawa ya manjano ya kupaka wenye upele. Neno kibiriti lenyewe kwa Kiarabu maana yake ni salfa. Kwa hiyo pua yako haikukudanganya, harufu uliyoisikia ni ya kibiriti kweli.

Jiwe hili likikaa penye hewa na unyevu, huanza kubadilika. Hewa na maji huingia kwenye nyufa ndogo, chuma na salfa vinaachana kidogokidogo, na kinachozaliwa ni vitu viwili: chumvi za chuma, ambazo ndizo ule unga wenye ukijani, na asidi ya salfa. Asidi hiyo ndiyo inayotiwa kwenye betri za magari. Umewahi kuona suruali ya fundi wa betri ilivyotoboka? Basi ndicho kilicholipata daftari lako. Mbao ikawa nyeusi na karatasi ikawa majivu kwa sababu asidi ilikuwa ikichuruzika juu yake wiki baada ya wiki, wewe hujui.

Na wewe, bila kukusudia, ulilisaidia. Kwenye majumba ya makumbusho huko Ulaya, wenye visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, na madini ya pairaiti hujitahidi unyevu wa chumba usipande zaidi ya asilimia 50 hivi, kwani ukishavuka 60 jiwe linaanza kuliwa. Hapa kwetu pwani siku nyingi unyevu unapita 70, na wakati wa masika sijui nikwambie nini, hata viatu kabatini vinaota ukungu. Juu ya hayo ukaliosha kwa maji ya chumvi kila wiki. Chumvi iliyobaki kwenye nyufa huvuta unyevu hata jiwe likiwa limefutwa. Ukalianika nje usiku wa mwezi, likalala na umande mpaka alfajiri. Ukalinyunyizia marashi, ambayo nayo ni maji. Kisha ukalifungia ndani ya droo isiyopitisha hewa. Katika yote uliyolitendea, kisichokuwa na dhara kwake ni moshi wa udi peke yake.

Haya siyasemi kwa kusoma tu. Marehemu mume wangu alichimba dhahabu Geita miaka ya 1990. Wiki yake ya kwanza machimboni aliokota mawe yanayong'aa manjano, akayaficha kwenye soksi, hakulala. Mzee mmoja aliyekuwa naye kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, akayachukua, akageuza kikombe cha kauri, akakwaruza jiwe kwenye kitako pale pasipo na rangi ya kung'aa. Likaacha mstari mweusi wenye ukijani. Dhahabu huacha mstari wa manjano. Kisha akaweka jiwe moja juu ya chuma akaligonga kwa nyundo, likasambaratika na cheche juu. Dhahabu ukiigonga hutandazika, haivunjiki, ni laini hata kisu huikata, ilhali pairaiti kisu cha kawaida hakiikwaruzi. Na kwa uzito, dhahabu safi ina uzito unaokaribia mara nne ya pairaiti yenye ukubwa uleule.

Lakini mume wangu hakuyatupa, maana yule mzee alimwambia neno alilolishika: hili si dhahabu, ila dhahabu hulipenda. Na ni kweli. Geita na Bulyanhulu dhahabu na pairaiti hukaa ndani ya mwamba mmoja, na wakati mwingine chembe za dhahabu zimo ndani ya pairaiti yenyewe, ndogo kiasi kwamba jicho halizioni. Wachimbaji wakilikuta, hutazama vizuri mwamba wa jirani. Kwa hiyo lile jina watu walilolipa jiwe hili, dhahabu ya wajinga, mimi silipendi. Limewadhalilisha watu wengi ambao kosa lao ni kuona kitu kizuri wakakiamini.

Mawe yale yalikaa kwenye kopo la maziwa ndani ya chumba kikavu miaka sita, hayana neno. Tulipohamia Pangani, kopo likawekwa dirishani. Masika mbili tu. Siku nimelinyanyua, kitako kikabaki dirishani. Ndani palikuwa na unga na harufu hiyohiyo yako. Hakuna aliyetuonea husuda, tulikuwa hatuna hata kitanda cha kuonewa.

Yule dada alikwambia watu wa mbali wanalithamini jiwe hili, na hapo hakudanganya. Limethaminiwa tangu zamani sana, ila si kwa alichokuuzia. Jina lake limetoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya moto, kwa sababu ukiligonga kwa chuma linatoa cheche. Mwaka 1991, kwenye milima ya Alps mpakani mwa Italia na Austria, ilionekana maiti ya mtu aliyeganda kwenye barafu zaidi ya miaka 5,000. Katika vitu vyake mlikuwa na kuvu kavu la kuwashia moto, nalo lilikuwa na chembe za pairaiti. Lilikuwa kiberiti chake. Na bunduki za Ulaya za karne ya 16 nyingine zilikuwa na gurudumu la chuma linalosugua kipande cha pairaiti ili baruti ishike.

Kwa upande wa mambo ya roho, walioliheshimu zaidi ninaowajua mimi ni watu wa kale wa Mexico na Guatemala, Wamaya na wenzao. Walilikata vipande vyembamba, wakavisugua mpaka viwe laini, wakavibandika kwenye bamba la jiwe na kupata kioo. Wakubwa wao walijitazama humo, na waaguzi wakatazamia humo mambo ya ghaibu. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamevikuta vioo hivyo makaburini. Vingi sasa ni bamba lenye madoa ya kutu, pairaiti yote imeliwa. Vioo vya wafalme, mwanangu, vilivyozikwa kwa heshima zote! Unyevu wa ardhi haukuuliza ni vya nani.

Huu mtindo wa sasa wa kuliweka kwenye meza ya ofisi au karibu na fedha ni mpya, ulienea Marekani na Ulaya tangu miaka ya 1970 na 1980, watu walipochanganya elimu ya yoga ya India na mapenzi ya mawe. Wao husema pairaiti ni ya kitovu, pale wanapoamini nguvu ya mtu ya kuthubutu inakaa, na kwamba huvuta mali na kukinga maneno mabaya. Wengine wanafuata mpango wa nyumba wa Wachina, wanaliweka kwenye pembe wanayoiita ya utajiri. Hilo ni lao, na wapo wanaolitenda kwa moyo safi. Lakini hata wao, wanaojua kazi yao, hukataza pairaiti isitiwe maji wala chumvi. Wanaisafisha kwa moshi, kwa sauti ya kengele, au kwa kuiweka ndani dirishani mbalamwezi ikiingia. Aliyekuuzia jiwe alikupa masharti ya mawe mengine, na mawe si yote ya namna moja. Kwa hiyo hata kwa mizani ya elimu yake mwenyewe alikosea, na kosa lake akalitwika husuda.

Je, jiwe linaleta fedha? Nitakujibu ninavyoamini, sitazunguka. Sijaona wala kusikia ushahidi kwamba jiwe linaweza kumfanya mteja atoe fedha mfukoni. Uliloandika mwenyewe ndilo lenye uzito kwangu: asubuhi ulikuwa ukilishika kabla ya kufungua duka, roho ikitulia. Utulivu ule ulikuwa wako. Ulijipa dakika tatu za kukaa kimya kabla ya kelele za siku, pengine kwa mara ya kwanza tangu uzae. Dakika hizo usiziache. Zitie kwenye uradi wako wa asubuhi, au zikae hivyohivyo na chai ya rangi mkononi.

Kuhusu Mungu, mimi si mwanachuoni, na jambo hili lipeleke kwa sheikh wa msikiti wenu, usimfiche kitu. Wengi wao hutofautisha mtu anayevaa pete ya akiki kwa pambo na mtu anayetegemea kitu kimkinge au kimruzuku. Mimi huwa namkumbuka Sayyidna Umar bin Khattab. Alipolifikia Jiwe Jeusi la Al-Kaaba alisema anajua kwamba ni jiwe, halidhuru wala halinufaishi, na lau si kumwona Mtume (s.a.w.) akilibusu, naye asingelibusu. Hayo amepokea Bukhari. Kama Umar alisema hivyo mbele ya jiwe lile, sisi na haya ya kununua kwenye simu tuna neno gani la kuongeza? Lakini usijitese. Ulikuwa na hofu ya njaa ya watoto, na Mwenyezi Mungu anajua hofu hiyo inavyopofua. Omba msamaha, inuka.

Lile la 380,000 usinunue. Jiwe kubwa litaota kutu kama dogo ukilitunza vilevile. Hapo ningekomea, ila najua kuna wasomaji wengine wanaoyapenda mawe haya kwa uzuri wake tu, na ni mazuri kweli. Yapo yanayotoka Navajún huko Hispania, maumbo ya dadu yenye nyuso bapa kama kioo, hakuna mkono wa binadamu uliyoyagusa, yamekua hivyo ndani ya mwamba. Hayo hudumu muda mrefu. Yanayooza upesi ni yale yenye chembechembe ndogo zilizoshikana kwa ulegevu, kwa kuwa hewa inapata pa kupenya. Mwenye pairaiti anayekaa pwani alitie kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vyenye chembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vinanyonya unyevu, na vikishiba vibadilishwe. Vumbi liondolewe kwa brashi laini kavu. Lisikae jikoni, lisikae bafuni, lisikae juu ya nguo wala karatasi wala vyombo vya fedha. Na mama zangu wenye pete zenye vito vidogo vyeusi vinavyometa, zinazouzwa kwa jina la markasiti: vingi vya vito hivyo ni pairaiti. Zivueni mkitawadha na mkiosha vyombo.

La kwako limeshaanza kuliwa, na likishaanza ni vigumu kulizuia. Usilizike, halihitaji maziko. Usilitupe kisimani wala usilichome moto, moshi wake ni sumu ya kifua. Ukirudi kutoka hospitali, vaa glavu, lifunge kwenye plastiki mbili likiwa kavu, litupe mbali na mikono ya watoto. Ule unga usiupulize kwa mdomo, ufute kwa kitambaa chenye maji. Droo ipanguse kwa maji yaliyoyeyushwa magadi kidogo ili kuua asidi iliyobaki, ifute tena kwa maji matupu, kisha ianike juani siku mbili. Noti zilizopata madoa zipeleke benki.

Nimeacha la mwisho lile linaloniuma.

Soma tena maneno ya yule dada: mwanamke wa karibu anayeingia dukani mara kwa mara. Mwanangu, wewe unauza khanga. Nani mwingine anaingia dukani kwako? Mama yako mwanamke wa karibu, jirani yako mwanamke wa karibu, fundi cherehani wako, shoga zako wote. Maneno yale yangemwingia yeyote, yakamwangukia wifi yako kwa sababu ndiye aliyekuwa na ufunguo. Na ufunguo ulimpa wewe, kwa kuwa ulikuwa ukimwamini akae na fedha zako wakati wewe uko na mtoto hospitali. Yeye miezi miwili hii anajua nini? Anajua kwamba asubuhi moja wifi yake alimpokonya ufunguo, akamfungia uso. Hajaambiwa ameiba, hajaambiwa ni mchawi, kwa hiyo hana hata la kujitetea. Mimi nimekaa na mawifi wanne. Najua unavyolala na jambo la namna hiyo.

Fedha zako zilikuwa zinakwenda wapi? Umeandika mwenyewe, ukapita haraka: wanaonunua wengi wanakopa. Ulikuwa unakumbuka umeuza khanga kumi, na kweli umeuza kumi, ila sita zilitoka kwa daftari. Jioni unatafuta fedha ya kumi ndani ya droo. Na ukitoa ya sukari, ya bodaboda, ya mchango wa shughuli, huandiki. Nunua daftari jingine, moja liwe la madeni, jingine la kila shilingi inayotoka kwenye droo, hata mia mbili ya maji. Andika mwezi mmoja, kisha uniandikie tena.

Mume wako mwambie leo, kabla hujaenda hospitali na mtoto, maana atajua tu, na afadhali ajue kutoka kinywani mwako. Atafoka. Mwache afoke, mtoto ni wake pia.

Kisha jioni nenda kwa wifi yako. Usitume mtu, usimpigie simu. Nenda mwenyewe, uvae kawaida, uchukue ufunguo. Usianze na habari za jiwe, anza na kumwomba radhi, jiwe lifuate baadaye. Asipotaka kufungua mlango, keti barazani mpaka Isha. Akifungua na mkamaliza kulia, mtolee daftari lile lililoliwa, mkae chini ya taa, akusaidie kukumbuka majina yaliyokuwa kwenye zile kurasa mbili. Siku nyingi za madeni yale, aliyekuwa dukani ni yeye.

Somo